Mke Mwenzangu Mwenye Vidole Vyeusi

Juzi binti mmoja niliyewahi kumfundisha kazi ya kutoa dawa ya usingizi alinionyesha picha kwenye simu yake. Mgonjwa amelala, mapigo ya moyo yanarekebishwa, na kwenye paji la uso amebandikwa vibandiko viwili vinavyosoma kama hewa inafika ubongoni. Namba ikishuka, wanajua. Nilimpongeza, kisha nikashikwa na wivu wa kizee. Sisi hospitalini Morogoro tulikuwa na kibano kimoja cha kidoleni.

Kilikuja enzi za ruksa, biashara ilipofunguliwa na mji ukajaa mitumba, na chenyewe kilikuwa mtumba vilevile, kimetumika Ulaya hadi kimechoka. Unambana mgonjwa kidole, kinakuambia hewa iliyomo kwenye damu. Ya kidoleni, si ya kichwani. Hata hivyo nilikipenda kama redio yangu ya kwanza. Kabla yake tulikuwa tukitazama kucha tu: zikianza kuwa za bluu, mgonjwa anakosa hewa.

Siku moja akaletwa bibi yangu mzaa mama kutoka Matombo, amekaa mbele kwenye pikapu ya ndizi, babu nyuma juu ya mikungu. Moyo ulikuwa ukimwenda mbio tangu alfajiri, presha imeshuka, hata kuzungumza anakatakata maneno. Daktari akaamua kuushtua moyo kwa umeme. Kumlaza usingizi ilikuwa kazi yangu, maana mwenzangu alikuwa likizo.

Kibano kikagoma. Bibi alikuwa amemenya ndizi mbichi maisha yake yote, na utomvu ulikuwa umevigeuza vidole vyake kuwa vyeusi, pamoja na kucha. Tukasugua kwa spiriti, tukasugua kwa limau. Bibi akatuambia tusijisumbue, utomvu huo aliolewa nao. Kucha hazisomeki, kibano hakisomi, na daktari hakuweza kungoja zaidi. Nikampa dawa kidogo, akalala. Umeme ukapita mara moja, mwili ukaruka, moyo ukatulia. Daktari akashusha pumzi.

Mimi sikushusha. Moyo umerudi, na kichwa je? Alikuwa mzee, na hakuna aliyejua damu ilikuwa haifiki vizuri kichwani kwa muda gani. Dawa ile ilikuwa ya dakika chache tu, nazo zikapita. Nikamwita bibi, kimya. Daktari akamfinya sikio, kimya. Nikaona nimemuua bibi yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Kwetu bibi na mjukuu wa kike ni wake wenza, kwa kuwa babu humwita mjukuu mke wake. Tangu utoto wangu hatukuwahi kukutana bila kutupiana maneno ya utani. Asubuhi ile, kwa woga, nilikuwa nimempa shikamoo kavu kama mgeni. Nikainama sikioni kwake.

"Mke mwenzangu, mume wetu yuko nje, ana njaa."

Midomo ikacheza. Macho yalikuwa yamefumbwa vilevile.

"Kapike wewe," akasema. "Mimi zamu yangu imekwisha."

Nikacheka huku nalia, daktari akadhani nimechanganyikiwa. Babu alipoelezwa pale barazani alisema basi huyo hajambo, akaulizia chakula kweli.

Bibi aliishi miaka sita baada ya hapo, akimenya ndizi zake. Siku yake ya mwisho nilikuwa Matombo, nimekaa kitandani pake, sina kibano wala dawa. Babu alikuwa ametangulia mwaka mmoja kabla. Nikainama sikioni, nikamwambia mume wetu ana njaa, na safari hii zamu ni yake.

Nikangoja anijibu. Nilingoja muda mrefu, nimekibana kidole chake cheusi katikati ya vidole vyangu viwili, hadi mama akaja akaniondoa mkono.