Sahani ya Bi Tunu

Usiku ule nililala bila kula, jambo la aibu kwa mpishi. Aproni ya Zawadi, msaidizi wangu jikoni, ilikuwa juu ya meza ya chumbani kwangu, imekunjwa vizuri, na kila nilipogeuka kitandani niliiona. Nilikuwa nimeibeba kutoka jikoni ili wenzake wasiikute asubuhi wakaanza kuuliza maswali.

Mimi ni mkuu wa jiko katika chuo cha ualimu, huku Njombe kwenye baridi yetu. Mchana wa siku ile mkuu wa chuo alikuja jikoni, akakaa, akaniuliza nani atalishika jiko nikienda likizo, maana tangu nikabidhiwe sijawahi kwenda. Nikamjibu bila hata kufikiri, "Hakuna, mkuu. Hawa bado." Zawadi alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Aliingia, akaiweka chai mbele ya mgeni bila kumwaga hata tone, akatoka. Jioni akavua aproni yake, akaikunja, akaiweka juu ya kiti changu.

"Dada Tumaini," akasema, "kesho usinisubiri."

Wala hakununa. Angenuna ningejua la kufanya, maana kununa kwa wapishi nimekuzoea. Alisema kwa upole tu, akachukua mfuko wake akaenda.

Niseme ukweli, Zawadi si wa kuambiwa bado. Anaweza kuwasha jiko kwa kuni mbichi huku mvua inanyesha. Anasonga ugali kwenye sufuria ambayo mtu mzima angeweza kuoga ndani yake. Kitu kimoja tu hajawahi kukifanya, naye ni mtu wa miaka mingi pale: hajawahi kutia chumvi. Katika jiko letu chumvi inatiwa na mkono mmoja, mkono wa mkuu wa jiko. Utaratibu huo tuliachiwa na Bi Tunu, aliyenitangulia, mwanamke wa Pangani aliyefuata mume huku milimani na hakuacha kulalamikia baridi mpaka alipokufa. Kopo la chumvi alikuwa analiweka juu ya rafu, nyuma ya kiti chake. Ukilitazama sana alikuwa anakohoa. "Mkitia nyote," alikuwa akisema, "hawa watoto wa watu watakunywa bahari."

Bi Tunu alikufa ghafla, amelala. Sisi wapishi wake ndio tuliopika msibani kwake, nani mwingine angepika? Tulipika wali na maharage uani kwake, tunalia huku tunakoroga. Tukapakua, watu wakala kimya, na ule ukimya tukadhani ni wa majonzi. Kisha mzee mmoja akaita kwa sauti ya chini, akaomba chumvi. Ikaletwa kwenye kisosi. Kile kisosi kikazunguka kutoka mkono hadi mkono, msiba mzima, huku sisi tumesimama pembeni tunatazama chini. Hakuna aliyetia chumvi. Kila mmoja wetu, bila kujijua, alikuwa anausubiri mkono uliokuwa umelala ndani, umevishwa sanda.

Baada ya msiba nililichukua lile kopo mimi. Nikaapa aibu ile haitarudi, jiko halitakosa tena mtu wa kutia chumvi. Nililishika na nimelishika mpaka leo, na ndiyo maana nikaitwa mkuu wa jiko. Basi, na hayo nilikuwa nayawaza nikiitazama aproni, mpaka sijui ni wakati gani nikapitiwa na usingizi.

Nilijikuta jikoni. Ni mchana, jua limeingia mpaka kwenye sakafu, lakini hakuna mtu na hakuna sauti ya wanafunzi nje. Jikoni hamna moto. Sufuria kubwa inachemka hata hivyo, mfuniko wake unatikisika polepole. Nikasema moyoni, leo wameniachia jiko peke yangu. Ndipo nikaona kiti changu kina mtu.

Bi Tunu amekaa, amevaa aproni yake ya zamani, miguu mitupu. Pindo la nguo yake limelowa. Ameshika sahani ya bati mapajani na anakula. Hanitazami. Anatia mkono, anafinyanga tonge, anatafuna kwa muda mrefu sana, anameza kwa shida. Nilimwamkia, "Shikamoo, Bi Tunu." Hakuitika, naye alikuwa mtu wa kuitikia hata salamu ya paka. Nilianza kuogopa.

Nikasogea. Kwenye sahani kuna wali na maharage, na sikuhitaji kuuliza ni wa wapi. Niliutambua. Nilikuwa nimeupika mimi.

"Bado nakula kile chakula cha msiba," akasema. "Hakiishi."

Nikakimbilia kwenye rafu. Nalitoa kopo, nalifungua, limejaa pomoni. Nikachota chumvi kwa kiganja na kuinyunyizia sahani yake, lakini chumvi haianguki. Imeganda kiganjani. Napangusa, nakung'uta, nasugua kwenye meza, inabaki pale pale. Nikageuza mkono kutazama, na kwenye kifundo kuna kovu la moto, lile linalong'aa, ambalo Bi Tunu alilipata kabla sijamfahamu. Mkono ni wake. Umeota kwangu, na ninahisi uchovu wake wote, uchovu wa mtu aliyetaka kupumzika zamani akawa kila siku anaitwa asubuhi aje atie chumvi.

Nilitaka kumwomba radhi. Nilipoinua macho hakuna jiko tena. Ninatazama dari, dari ya nyumbani kwangu, ile yenye doa la mvua. Nimelala chini kwenye mkeka na siwezi kugeuza shingo. Nje uani watu wanalia, na katika kilio chao nasikia jina langu. Tumaini. Dada Tumaini. Bi Tunu amekaa kando ya kichwa changu, amekunja miguu, sahani yake mapajani, anatafuna.

Harufu ya maharage inaingia dirishani. Nasikia mwiko ukigonga sufuria, na sauti ya Festo, kijana wetu wa kusonga.

"Tayari?"

"Bado." Huyo ni Zawadi. "Hakijatiwa."

"Nani anatia?"

Zawadi anasema, kwa ule upole wake wa jioni, "Anatia dada."

"Dada yuko ndani."

"Basi tusubiri."

Wakasubiri. Moto unalia, maji yanakauka, na harufu inaanza kugeuka, kwanza tamu kidogo, kisha ile ya kuungua inayokaa puani. Hawasogei. Najua Zawadi amesimama vipi, mikono ameifunga nyuma kama nilivyomzoesha, macho kwenye rafu ambayo haipo. Nataka kupiga kelele: tia, tia chochote, tia ujinga wako wote humo. Mdomo haufunguki. Nilihisi pamba, ile wanayowekewa maiti. Nikalia, na machozi hayakutoka.

Kwa mara ya kwanza Bi Tunu akaiweka sahani chini. Akanitazama. Macho yake hayakuwa ya kutisha, na hilo ndilo lililonivunja, maana yalikuwa ya mtu mwenye aibu.

"Nilikupendeni," akasema. "Niliogopa mtaaibika, nikakuzuieni. Mkaaibika nikiwa sipo."

Nje mtu anakohoa kwa moshi. Hakuna anayeondoa sufuria.

"Mwache akosee, Tumaini, ungali na mdomo wa kuonja."

Akanyanyuka kwa taabu, akiishika nyonga, vile alivyokuwa akinyanyuka siku za baridi. Akaiokota sahani. Akainama juu yangu na kuiweka kifuani, na ilikuwa nzito na baridi, na wali ulikuwa umejaa kama vile hajala hata tonge. Bado ameishika ukingoni, hajaiachia.

"Nikuachie?" akaniuliza.

Nikaamka nimekaa kitandani, mikono yote miwili kifuani nikisukuma kitu ambacho hakipo. Mdomoni nilikuwa na ladha ya wali usio na chumvi. Nilikwenda nikanywa maji, nikasukutua, haikutoka. Kulikuwa kunaanza kupambazuka na jogoo wa jirani, yule asiyejua saa, alikuwa amekwisha nyamaza. Nikavaa sweta, nikapita jikoni chuoni, nikalishusha kopo kwenye rafu. Nilikuwa sijawahi kutoka nalo nje. Mlinzi aliniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia hapana, hakuna, nikashika njia ya kwa Zawadi.

Zawadi alifungua mlango akiwa na kanga kichwani na mswaki mdomoni. Alinitazama, akaliona kopo, akatema povu pembeni.

"Kuna nini, dada?"

"Nimekuja na hili. Leo maharage utatia wewe."

Hakulipokea. "Jana ulisema hakuna mtu."

"Nilisema."

"Mbele ya mkuu wa chuo."

"Nitarudi mbele yake leo leo, nitamtajia jina lako. Ukitaka twende wote usikie."

Niliiona mikono yake, ilikuwa imerudi nyuma na kufungana, pale mlangoni kwake mwenyewe, asubuhi, bila hata sufuria. Nikakosa pa kutazama. Nilimfunza mimi hayo. Nikamnyooshea kopo tena.

"Zawadi, mdogo wangu," nikasema. "Pokea. Nimechoka kulibeba."

Mkono mmoja ukatoka nyuma taratibu. Alilishika kopo chini, kwenye kitako, mtu anavyopokea mtoto wa mwenzake. Akalipima uzito. Akalifungua, akachungulia ndani, akalifunga.

"Na nikizidisha?" akauliza.

"Tutakunywa maji."

Akanitazama muda mrefu kuona kama natania. Kisha akageuka ndani kutafuta viatu vyake, kopo analo kwapani, na mimi nikabaki mlangoni, mikono mitupu, na ile ladha ya wali usio na chumvi ilikuwa imeniondoka.