Filamu Iliyosifiwa na Wote

Saluni ya msusi mmoja ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kilichopasuka pembeni, na televisheni iliyotundikwa juu ili mteja aitazame bila kuinamisha shingo. Kusuka nywele ndogondogo ni kazi ya kutwa, na mteja akichoka huanza kujikuna na kuuliza bado kiasi gani. Filamu nzuri humtuliza kuliko maneno. Ndiyo maana msusi huyu hakufanya mchezo na uchaguzi wa filamu, na wateja wakambatiza Mama Nyota.

Hakuwa mtu wa kukurupuka. Kwanza aliangalia tuzo, ingawa alijua tuzo nyingine hupewa filamu ambamo watu huchungulia dirishani mpaka mteja anasinzia na kichwa kinamponyoka msusi mkononi. Kisha alimsoma mhakiki mmoja wa gazetini, mtu mchungu kama shubiri. Huyo akisifu kitu, basi ni kizuri kweli. Mwisho alitazama nyota zilizotolewa na watazamaji wa kawaida, na hapo aliuliza wamepiga kura wangapi, maana wakiwa wachache, alisema, hao ni mashangazi wa mwigizaji. Wote watatu wakikubaliana, aliiweka bila wasiwasi.

Mdogo wake wa mwisho, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, alikulia kwenye kona ya saluni hiyo akikodolea macho filamu hizo. Ukubwani akawa mwandishi wa filamu. Ya kwanza ilipotoka, alimwomba dada yake asiitazame mpaka aje waitazame pamoja. Dada akakubali, akidhani ni heshima. Kijana akawa haji. Mara ana safari, mara ana mafua. Huku nyuma filamu ikapata tuzo. Mhakiki mchungu akaandika kwamba safari hii hana la kulaumu. Nyota zikamiminika, tena za watu wasio na undugu na yeyote. Wateja wakaanza kumtania Mama Nyota: za wengine anazileta, ya damu yake anaificha?

Jumamosi moja asubuhi, saluni imejaa, akaiweka.

Mwanzoni moyo ulimjaa. Kisha mwanamke wa kwenye filamu akafungua sanduku, akatoa shuka, akaikunja na kujifunga tumboni chini ya gauni. Mimba yake ilikuwa imeharibika, na aliogopa kumwambia mama mkwe. Mikono ya Mama Nyota ikasimama katikati ya nywele za mteja.

Hilo lilikuwa lake. Alilibeba tangu ujana, katika ndoa iliyovunjika ukweli ulipojulikana. Kwa kinywa chake mwenyewe alimsimulia mtu mmoja tu duniani: huyo mdogo wake, alipokuwa amelazwa akingoja kupasuliwa, akilia kwamba yeye ni mwoga. Alimpa aibu yake ili imtie moyo. Hata ule mwendo wake wa kushika kiuno kama mjamzito alimwonyesha pale kando ya kitanda, na wakacheka wote wawili mpaka nesi akaja kuwanyamazisha.

Sasa saluni nzima ilikuwa ikicheka mwendo uleule.

"Lakini mwanamke huyu mwongo, jamani," alisema mteja aliyekaa mbele yake. "Ningekuwa mimi mkwewe, ningemfukuza mapema."

Mama Nyota akamjibu kwamba huenda aliogopa tu, akaendelea kusuka. Upande ule aliukaza mno, ikabidi aufumue na kuanza upya.

Akampigia mdogo wake simu, na Jumatatu akaja. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akajitetea kwamba jina la dada halimo, kwamba watu wamelia, kwamba kila neno ameliandika kwa upendo.

"Ungeniuliza," dada alisema.

"Ungekataa."

"Kumbe ulijua."

Dada hakumfukuza, wala hakumwapiza. Damu nzito kuliko maji. Alimwandalia chai, akamwongezea sukari kama anavyopenda.

Bado huja, na bado hupewa chai. Zamani dada alikuwa akimsimulia yote, ya wateja, ya majirani, hata ndoto zake. Siku hizi akiulizwa, "Na wewe dada, una habari gani?" hujibu kwamba kazi zinakwenda na mvua zimepungua. Mdogo wake hungoja kidogo, pengine lingine litafuata. Lisipofuata, huaga.