Mizabibu Iliyovuliwa Majani

Kwa miaka kumi na mmoja Aurelia alitunza bustani ya masista, Ifakara, bila kuogopa mmea wowote, mpaka ilipoletwa mizabibu kutoka Dodoma. Ilikuwa mistari miwili tu, lakini Sista Brigitha, mkuu wa nyumba, aliipenda kupita kiasi. Msimu wa kwanza vichala viliota ukungu, zabibu zikaoza zote.

Msimu huu majani yalisongamana tena, umande haukauki mpaka saa tano. Sista alikuwa Mahenge, kwenye mafungo ya sala. Aurelia akampigia simu kaka yake Evod, kibarua wa mashamba ya zabibu Dodoma.

"Toa majani yanayoziba vichala, hewa ipite," Evod alisema. "Fanya sasa, zabibu zingali changa. Ila dada, angalia..."

Simu ikakatika. Aurelia hakungoja. Akavua majani pande zote.

Siku ya tatu, saa nane mchana, alikuta zabibu za upande wa magharibi zimebabuka, zina madoa ya kahawia. Akampigia Evod tena, akamweleza.

"Na magharibi umevua?" Evod akauliza. "Nilitaka kukuambia, upande wa jua la asubuhi tu! Jua la mchana linaunguza."

"Nimeua mizabibu ya Sista, kaka."

"Ifunike upesi."

Alitoa vyandarua vyake vichakavu, akavitundika upande ule. Wiki nzima chakula hakikushuka. Kila gari lililopiga honi getini lilimshtua. Atajibu nini? Akifukuzwa, aende wapi?

Sista aliporudi, Aurelia alimfuata mwenyewe.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele amina. Mbona umekonda hivyo?"

Akamweleza yote, hata jinsi simu ilivyokatika. Sista alifunua chandarua, akazitazama zabibu kichala kwa kichala.

"Hizi zimekwisha," Sista akasema. Akazunguka upande wa pili, akainama. "Huku hakuna ukungu."

Kisha akaingia ndani, na Aurelia akaishi na hofu ya kufukuzwa hadi mavuno.

Upande wa magharibi walipata kikapu kimoja cha zabibu kavukavu. Upande wa asubuhi walijaza vitano: zabibu safi, zimeiva sawasawa, tamu. Sista alitafuna moja, akatema mbegu.

"Mwakani utavua tena," akasema. "Huku tu."

"Ndiyo, Sista," Aurelia akajibu, akavikunja vyandarua vyake na kuvihifadhi kwa mwakani.