Toa Tatu

Miaka kumi na minane nilikaa kwenye ubao wa simu pale mjini Arusha, vipokea sauti masikioni, nikiwaunganisha watu na Dar es Salaam, Nairobi, London na kwingineko. Niliwasikia wakibembelezana, wakipeana habari za msiba, wakidanganyana mchana kweupe, na kazi yangu ilikuwa kusema "subiri" kisha kunyamaza. Halafu ikaja mitambo inayojiunganisha yenyewe, na pamoja nayo ile lugha mpya ya kupunguza wafanyakazi. Tulipewa barua na keki. Keki niliila, barua ninayo hadi leo.

Nayasema haya ili ieleweke kwa nini mwanamke wa Kimeru, mke wa mtu, mwanakwaya wa sauti ya pili, alihangaika na redio ya ridhaa, ile ya watu wanaozungumza hewani kwa kupenda tu, bila biashara. Nilitaka kuongea mimi. Nilikuwa nimechoka kuwashikia wengine mlango.

Redio nilinunua kwa mfanyakazi wa shirika moja aliyekuwa akihama Njiro, miaka ile ambayo kila kitu kiliuzwa na kila mtu alikuwa muuzaji. Leseni ya daraja la pili, ya wanaoanza, niliipata bila kutoka jasho. Iliniruhusu wati kumi, basi. Wati kumi zilinifikisha Nairobi, Kampala, na siku ikiwa njema, Malawi. Wengine wote niliwasikia tu. Jioni watu wa Japani na Brazili walikuwa wakiitana, sauti zao wazi kama za jirani uani, nami nawaita mpaka koo linakauka, hakuna anayegeuka. Yalikuwa yale yale ya ubao wa simu, ila safari hii hata mshahara hakuna.

Dawa ilikuwa kupanda hadi daraja la kwanza, lenye ruhusa ya nguvu mara kumi. Mume wangu, Mchagga mwenye duka la vipuri vya magari Sokon I, alinitania kwamba mtu anayekaa mtaa wa Daraja Mbili aridhike na leseni ya daraja la pili. Nilimwambia yeye aendelee na fani belti zake.

Ili upandishwe ulihitaji kushinda mtihani wa nadharia, kupokea na kutuma alama za Morse, zile herufi zinazogongwa kwa mlio mfupi na mrefu, na kuonyesha daftari la mawasiliano yako ya mwaka mzima, likiwa na kadi za uthibitisho kutoka kwa watu wa nchi nyingine uliozungumza nao. Mkaguzi alikuja Arusha mara moja kwa mwaka. Ukiharibu, unakaa mwaka mwingine ukisikiliza.

Nadharia niliimeza. Morse niliipenda. Nilitengeneza kitufe cha kugongea kwa kipande cha msumeno wa chuma nilichokipigilia kwenye ubao, na Jumamosi nikipanda kwa mama yangu mlimani kuchambua kahawa, niligonga kwa kijiko kwenye sinia. Mama aliniuliza kwa Kimeru nagonga nini. Nikamjibu kwamba ninaandika. Akasema nimalize kwanza kahawa, barua itasubiri.

Daftari ndilo sikuliogopa kabisa. Kila mazungumzo huandikwa kwa saa ya Greenwich, ili mtu wa Kampala na mtu wa Japani waelewane. Kitabu cha mtihani kilisema Afrika Mashariki toa tatu. Nikaandika ukutani kwa penseli, TOA TATU, na kila siku kati ya saa tisa na saa kumi na mbili jioni nikakaa redioni. Nimezungumza saa kumi, natoa tatu, naandika saba. Saa kumi na moja, naandika nane. Mwaka mzima, mistari zaidi ya mia mbili, mwandiko wa kupendeza. Mtu aliyekaa kwenye simu miaka kumi na minane umfundishe saa? Kule kazini, kwanza, saa ilikuwa inapigwa chapa na mashine kwenye tiketi, lakini hilo sikulifikiria.

Kadi nilizotuma zikaanza kurudi. Mtu wa Kampala alisema haoni jina langu kwenye daftari lake kwa saa niliyoandika. Nikamwona mzembe. Wa Nairobi naye akasema hivyo hivyo. Nikamwambia mume wangu kwamba watu hawa hawajui kutunza kumbukumbu, sijui wanapewaje leseni. Wiki mbili kabla ya mkaguzi kufika, ikaja kadi ya padri mmoja wa Malawi. Aliandika kwa adabu kubwa kwamba anaikumbuka sauti yangu na mazungumzo yetu yalikuwa mazuri, ila saa niliyoandika hakuwa redioni. Ilikuwa Jumapili asubuhi, naye alikuwa akiongoza misa.

Nilikasirika kama dakika tano. Kisha nikachukua kadi nikapiga hesabu kwa kurudi nyuma, ili nimwonyeshe padri kosa lake. Saba ya Greenwich, ongeza tatu, ni kumi. Kumi ya saa ya mkononi, mshale ukiwa kwenye kumi, asubuhi. Yaani saa nne asubuhi. Na Jumapili saa nne asubuhi mimi mwenyewe nilikuwa kanisani, nimevaa joho, nikiimba sauti ya pili.

Nilikaa chini. Kitabu kilikuwa kinazungumza na watu wanaosoma saa kama mshale unavyoonyesha, mimi nikakijibu kwa saa ya mdomoni. Padri niliongea naye saa kumi jioni, ambayo kwa hesabu ya saa ishirini na nne ni kumi na sita. Nilipaswa kuandika kumi na tatu. Kila mstari wa mwaka ule ulikuwa nyuma kwa saa sita. Watu wa Kampala na Nairobi niliowatukana walikuwa sahihi, wote. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Mume wangu, mtu wa biashara, hakuona tatizo. "Mama watoto, nunua kauntabuku mpya, nakili upya na saa zilizo sawa. Siku mbili umemaliza. Nani atajua?"

Kauntabuku nilinunua, nisidanganye. Niliandika ukurasa mmoja na nusu. Ulikuwa safi, na ulinichefua. Yale yalikuwa maneno yangu, niliyasema kwa mdomo wangu siku kwa siku, sasa nijiigize? Kauntabuku nikawaachia watoto wafanyie hesabu. Nikachukua kalamu nyekundu, nikarudi kwenye daftari langu, na kila mstari nikakata saa kwa mkato mmoja, nikaandika iliyo sawa, nikatia sahihi. Saba ikawa kumi na tatu, nane ikawa kumi na nne, mpaka mwisho. Kadi mpya nilizituma siku hiyo hiyo, na barua ya kuomba radhi kwa kila mtu. Padri alijibu haraka kuliko wote.

Mkaguzi alikuwa kijana mwenye tai. Alisema shikamoo mama, nikaitikia, akanipa nadharia, nikamaliza kabla ya wakati. Morse nilipokea bila kukosa herufi. Kisha akafungua daftari. Alifunua kurasa nyingi nyekundu, moja moja.

"Mama, kwa nini hukuandika jipya?"

"Ningeweza. Lakini padri wa Malawi angebaki na kadi inayosema nilimtoa kwenye misa."

Hakucheka. Alitazama saa ya ukutani, ilikuwa saa tano na robo, akauliza Greenwich ni ngapi sasa hivi. Nilimjibu sifuri nane kumi na tano kabla hajafunga mdomo. Akaandika kwenye fomu, "Makosa ya saa, amejisahihisha mwenyewe," akagonga muhuri. Maneno hayo hayakunifurahisha. Nilitaka fomu safi kama wenzangu. Lakini muhuri ulikuwa muhuri.

Leseni ilikuja kwa posta baada ya mvua. Alasiri hiyo hiyo nilipandisha nguvu, nikaita mara moja, nikaita tena, na mwanamume wa Japani akanijibu. Alinieleza ananisikia vipi, nami nikamweleza ninavyomsikia. Hayo nilikuwa nimeyasomea. Kisha akaniuliza, kwa Kiingereza cha polepole, Arusha ni wapi, na wewe ni nani, nieleze. Akanyamaza.

Nikasubiri. Miaka yote ile, laini ikinyamaza, nilijua yupo mtu upande wa pili ambaye zamu yake ya kuongea imefika, nami namsubiri aanze. Nilisubiri hivyo hivyo, mkono mapajani, mpaka nikatambua kwamba safari hii mtu huyo ni mimi. Machozi yalinitoka, sioni haya kusema. Nikabonyeza kitufe cha kipaza sauti, nikaanza na mlima.