Mercedes ya Papa Barnabé na Kiti cha Nyuma

Kwa miaka minne Panda nzima, mtaa wa mji wa Likasi, ilijua kwamba Papa Barnabé anauza gari. Aliandika kibao kwa chokaa, À VENDRE, akakiegemeza kwenye kioo cha mbele, na kila mvua ilipokifuta alikiandika upya kwa mwandiko ule ule mzuri aliofundishwa na masista. Lilikuwa Mercedes jeusi la mwaka 1958, limekaa juu ya matofali mbele ya nyumba, pua imeelekea barabarani kana kwamba linasubiri mtu amalize kunywa chai atoke. Hakuna aliyeweza kusema Barnabé hakujitahidi. Ila wanunuzi walifika na hamu wakaondoka na huruma, kwa sababu alikuwa na kasoro moja isiyofaa kwa mfanyabiashara: alisema ukweli wote, tena kabla ya kuulizwa.

Pasta Clovis, mwenye kanisa la maturubai karibu na reli, ndiye aliyevumilia kuliko wengine.

"Papa Barnabé, Mungu ameniambia hii mutuka ni ya kazi yake."

"Alikuambia na pa chini? Pa chini iko tundu. Ukikanyaga unaona barabara."

"Tutaziba."

"Na breki haina. Hata kidogo. Mara ya mwisho ukuta ya jirani njo ilitusimamisha."

"Tutaomba."

"Na moteur haiko ndani."

Pasta alikuwa mtu wa imani, lakini imani yake ilipenda kuona kwa macho. Alifungua boneti, akamkuta kuku ameatamia mayai saba, akaifunga taratibu asimsumbue mzazi. Hakurudi tena. Barnabé alimsindikiza mpaka barabarani kwa heshima zote, akarudi anapiga mluzi.

Alikuwa dereva wa wakurugenzi wa kampuni ya mgodi kwa miaka ishirini na miwili. Wakurugenzi watatu walikuja wakaenda, kila mmoja na magari yake mapya, lakini Mercedes ilibaki ikitolewa kwa wageni wakubwa na misa ya Krismasi, na Barnabé alibaki nayo, na kofia yake ya kijivu. Kisha ikaja Oktoba ya 1991, wiki ile ambayo askari na raia wa Likasi walisaidiana kuhamisha vitu vya watu. Mkurugenzi wa mwisho aliondoka na masanduku mawili. Kabla ya kuondoka alimwekea Barnabé funguo na karatasi za gari mkononi, karatasi zimesainiwa kwa jina la dereva wake, akamwambia kwa Kifaransa: ulitunze vizuri. Mwingine angesikia hapo kwaheri, au hata zawadi. Barnabé alikuwa amezoea kutii, na alisikia amri ya kazi, isiyo na tarehe ya kwisha.

Hapakuwa na petroli, kwa hiyo alilisukuma gari mpaka nyumbani akishika usukani kupitia dirishani, kofia kichwani. Waporaji waliokuwa na friji na makochi vichwani walimpisha njia, wakampongeza.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi saa moja kamili, alivaa kofia akaketi nyuma ya usukani kwa dakika kumi. Hakuna dereva mwingine Likasi aliyekuwa na rekodi safi kama hiyo: hakuchelewa hata siku moja, wala hakumgonga mtu. Jumamosi alilala chini ya gari na chupa ya mafuta, na mkewe alipomuuliza anafanya nini alijibu kwamba anaangalia kutu.

Sheria ilikuwa moja. Kiti cha nyuma, cha ngozi nyekundu, kilikuwa cha patron, yaani bosi. Watoto walikaa mbele, jirani mwenye homa alikaa mbele, na Clotilde, mkewe wa ndoa ya miaka thelathini, alikaa mbele siku ile ya mwaka 1974 mvua ilipomkuta akitoka misa ya Krismasi. Aliomba akae nyuma, mara moja tu. Barnabé alimwambia kwa upole kwamba haiwezekani. Hakuomba tena, jambo ambalo Barnabé, katika ujinga wa waume, alilichukua kuwa amesahau.

Injini nayo ilikuwa na historia yake. Mwaka 1992, mshahara ulipokuwa umegeuka kuwa habari ya kale na umeme kuwa mgeni wa kushtukiza, Clotilde alifungua boneti, akatazama ndani kama anayechagua samaki sokoni, akasema: "Baba Viviane, hii kintu inakaa bule." Baada ya wiki moja injini ya Mercedes ilikuwa imefungwa kwenye kibanda cha nyuma, mkanda umeungwa kwenye kinu cha mahindi, na nyota ya fedha iliyokuwa juu ya pua ya gari imepigiliwa misumari mlangoni. Wanawake wa Panda walipanga foleni. Kila mmoja alisagiwa mahindi yake na kuacha kopo moja la unga, na makopo hayo ndiyo yaliyoilisha nyumba. Ilisemekana bukari, yaani ugali, ya unga wa Mama Viviane inashuka kooni kama watu wenye vyeo wanavyoshuka garini.

Ila injini ile ilizaliwa kubeba wakubwa, na haikujua kubana matumizi. Petroli ilikuja kwa chupa kutoka mpaka wa Zambia, na mwezi Machi wa 1995 ilikuwa haiji karibu kabisa.

"Inakunywa kama askari ku matanga," Clotilde alisema. "Mahindi mapya inaingia mwezi kesho. Kama sina moteur ya diesel, bamama bote bataenda kwa ule mwenye kinu ng'ambo ya reli, na siye tutakula nini? Kofia yako?"

"Minye niko nauzisha mutuka, Mama Viviane. Kibao iko pale."

"Kibao iko. Na kinywa yako iko pembeni ya kibao."

Clotilde alimtumia dada yake wa Lubumbashi barua, na Alhamisi ya wiki iliyofuata lori lilisimama mbele ya nyumba. Akashuka mtu mwembamba mwenye miwani, shati jeupe, mfukoni sumaku ndogo. Jina lake Adrien. Nyuma ya lori, imefunikwa blanketi kama mgonjwa, kulikuwa na injini ya dizeli.

Adrien alieleza kwa ufupi. Kuna daktari wa meno Johannesburg anayekusanya magari ya zamani na kuyarudisha yalivyotoka kiwandani. Anataka Mercedes kama hii, pamoja na injini yake yenyewe. Hatoi noti, maana noti za Zaire zilikuwa zinaoza kabla hazijakunjwa. Anatoa hiyo dizeli. Clotilde aliinua ncha ya blanketi, akatazama, akairudisha, na uso wake haukuonyesha kitu. Kisha akamwangalia mumewe namna ambayo hata kuku wa kwenye boneti angeielewa.

Barnabé alivaa kofia yake na kuanza kazi.

"Monsieur Adrien, minye siwezi kukudanganya. Pa chini iko tundu. Mukubwa sana."

Adrien alilala chali vumbini na shati lake jeupe, akaingiza kichwa chini. Sauti yake ikatoka huko imejaa furaha. "Bien! Tundu ya zamani, hakuna mutu aliyeiziba. Batu banazibaka na mabati ya paa, banaharibu kila kintu."

Barnabé akaendelea. "Na rangi imekufa."

"Imekufa, lakini ni yake. Wangapi bameipaka?"

"Hakuna," Barnabé alisema kabla hajajizuia.

"Très bien!"

"Saa ya pa tableau, pale mbele ya usukani, ilisimama mu 1969. Redio haisemi. Ngozi ya mbele panya walikula."

"Ya nyuma?"

"Ya nyuma hakuna aliyeikalia tangu patron aende."

Adrien alitazama kupitia kioo, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Barnabé kukutana na mnunuzi anayenenepa kwa kasoro. Kila ugonjwa alioutaja ulipokelewa kama mahari. Dawa iliyowafukuza Pasta Clovis na wenzake ilimlevya huyu, na Barnabé alielewa kwamba akiendelea kusema ukweli, gari litaondoka kabla ya saa sita.

Kwa hiyo, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya mkristo, aliamua kusifia mali yake.

"Lakini tulitengeneza mingi," alisema. "Hii mlango ni mupya. Hii pia. Huku kote tulijaza mastic, ile gundi ya kuziba mashimo. Karibu yote ni mastic sasa. Ni muzuri kuliko zamani!"

Uso wa Adrien ulianguka. Barnabé alipata nguvu, akaongeza kwamba paa lilitoka kwenye Peugeot. Adrien alitoa sumaku, ambayo haigandi kwenye mastic, akaigusisha mlangoni. Ikaganda, tak. Akaihamisha. Tak. Akalizunguka gari lote, Barnabé nyuma yake, na kila mahali palipotajwa mastic sumaku ilishika chuma kama mtoto aliyeshika titi. Alipofika kwenye paa la Peugeot alimtazama Barnabé kwa upole.

"Papa, unauzisha ao unakataza?"

"Minye naeleza tu."

"Na mipira ya magurudumu?"

"Baliiba. Mu pillage, wiki ile ya kupora."

"Iko chini ya kitanda," Clotilde alisema. Alikuwa amesimama mlangoni, mikono imekunjwa. "Yote ine. Miaka mine nalala juu ya Mercedes, Monsieur Adrien, na sijafika fasi yoyote."

Kwenye kibanda cha kinu Barnabé alijaribu mara ya mwisho. Alisema injini ile si ya gari hili, namba zake ni tofauti, na karatasi zimepotea. Adrien alipangusa unga kwenye ubavu wa injini. Chini ya unga chuma kilikuwa kinang'aa. Unga wa miaka mitatu ulikuwa umeilinda kuliko gereji yoyote. Alisoma namba kwa sauti. Clotilde akaenda ndani, akarudi na misale yake, kitabu cha misa, na kutoka kati ya Kwaresima na Pasaka akachomoa karatasi za gari na kuisoma namba ile ile.

Kuku akalia kwenye boneti.

"Baba Viviane," Clotilde alisema, na sauti yake haikuwa ya hasira tena, "patron hatarudia. Alienda na mavalizi mbili. Kama alikuwa na mupango wa kurudia, angekuachia mutuka na petroli."

Barnabé aliivua kofia, akatazama ndani yake kama aliyeweka jibu humo.

"Alisema niitunze."

"Umeitunza. Angalia huyu mutu, alilala mu vumbi kwa furaha. Mutuka ingine ya Likasi inaweza kumulalisha vile?"

Barnabé alimgeukia Adrien. "Itaenda namna gani?"

"Moteur mu kamio, mutuka nyuma na kamba, mpaka Lubumbashi. Lakini nahitaji mutu wa kushika usukani. Mutu anayeijua."

Barnabé aliivaa kofia.

Hadi saa nane dizeli ilikuwa imefungwa kwenye kinu na imekwisha kusaga ndoo ya kwanza, ikipiga kelele ambayo Mercedes isingejishusha kuipiga. Magurudumu yalitoka chini ya kitanda. Kuku alihamishwa na mayai yake, akilalamika. Clotilde aliingia ndani kuoga, na Adrien, akiwa amechoka na mwenye vumbi, aliona hana haja ya kubanana na dereva wa lori. Akaushika mkono wa mlango wa nyuma wa Mercedes.

"Hapana, Monsieur," Barnabé alisema, na hakujua kama ameamua kusema. "Nyuma ni ya patron."

"Patron njo nani leo?"

Ni swali ambalo kwa miaka minne Barnabé alikuwa akilikwepa kila asubuhi saa moja.

"Minye," ilisema sauti ya Clotilde.

Alikuwa kwenye ngazi, amevaa pagne, kitenge chake cha harusi ya binti yao Viviane, kilemba cha juu, mkoba kwenye kiwiko. Unga ulikuwa umebaki nyuma ya sikio moja tu. "Nakwenda kusalimia dada yangu Lubumbashi," alisema. "Moulin, ile kinu, nimeachia jirani. Kwani mutuka inaenda bule?"

Adrien, mtu mwenye akili, alipanda lori. Barnabé akalizunguka gari kwa mwendo aliouzoea, akafungua mlango wa nyuma, akavua kofia na kuibana kwapani. Clotilde aliingia bila kuinamisha kilemba, akaketi juu ya ngozi nyekundu, akaipapasa kwa kiganja. Akajisogeza katikati.

Lori likavuta, kamba ikakaza, na Mercedes ya mwaka 1958 ikateleza barabarani bila sauti kabisa. Panda ilitoka nje kutazama. Wanawake wa foleni ya unga walipiga vigelegele. Pasta Clovis alisimama mlangoni pa kanisa lake la maturubai na kupunga mkono kama mtu aliyeona maombi yake yakijibiwa kwa anwani isiyo sahihi. Clotilde aliinamisha kichwa kidogo kulia, kidogo kushoto, sawasawa na bibi wa mkurugenzi wa pili.

Walipokaribia reli alimgusa Barnabé begani kwa ncha ya kidole.

"Shofere, polepole. Huku habanioni muzuri."

Barnabé alimtazama kwenye kioo cha ndani. Yule wa ng'ambo ya reli, mwenye kinu kingine, alikuwa amesimama mbele ya kibanda chake, mdomo wazi. Barnabé alikanyaga breki, ile aliyoitunza Jumamosi zote chini ya gari, taratibu, kama alivyofundishwa. Kamba ikalia, na lori zima likapunguza mwendo.

Kichwa cha Adrien kikatokeza dirishani. "Papa! Breki iko?"

"Kidogo," Barnabé akajibu, na akaendelea kukanyaga.