Siku Nane Bila King'ora

Kwa kuandika matangazo, Teresia Igoki hakuwa na mwenzake. Alikuwa afisa wa uhusiano mwema katika kiwanda cha chai kilichoko juu kidogo ya mji mdogo wa Kanja. Mwaka 1994, boila kuukuu ya mvuke wa kukaushia chai ilipozimwa kwa siku nane ili mpya ifungwe mahali pake, aliwaandikia wakurugenzi wote, kisha akabandika karatasi katika kila kituo cha kupimia majani: wakulima waendelee kuchuma, malori yatapeleka majani kiwanda jirani. Aliamini hakusahau mtu.

Alisahau king'ora. Kililia kwa mvuke wa boila mara tatu kwa siku, na Kanja nzima iliishi kwacho. Kikilia alfajiri, ng'ombe wanakamuliwa. Kikilia saa saba, maharagwe yanaepuliwa. Kiliponyamaza, uvumi ukaenea kwamba kiwanda kimekufa na malori yanahamisha chai ya watu. Madalali wakaanza kuzunguka na magunia yao, wakinunua majani kwa bei ya kutupa.

Meneja akamwita. "Boila ikiwaka Jumatatu na hakuna majani, vibarua watarudi nyumbani. Na wewe uliyesema wakulima wameelewa utatangulia."

Teresia akateremka kituoni. Mama Njoki, mkulima asiyemwogopa mtu, alimwona kutoka mbali.

"Madam, pole na msiba! Mnazika lini?"

Wanawake wakaangua kicheko.

"Tunamzika nani, Mama Njoki?"

"Kiwanda! Siku nne hakijapumua. Jana nilichelewa kukamua, ng'ombe akanipiga teke."

"Si nilibandika tangazo hapo mlangoni?"

"Tumeliona. Lina muhuri mzuri sana."

Teresia akacheka pamoja nao, ingawa masikio yalimwaka. Akarudi moja kwa moja kwa Njagi, mwendesha boila, jirani yake Mama Njoki.

"Njagi, majirani wakikuuliza habari za kiwanda, unawajibu nini?"

"Nijibu nini, Madam? Karatasi zako zilipita juu ya vichwa vyetu zikaenda kwa wakubwa. Mimi nilidhani nimefutwa."

Teresia akaketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akawaeleza wafanyakazi wa boila kila kitu kwa mdomo. Baada ya hapo Njagi akatundika rimu ya gurudumu la lori langoni, akawa anaigonga kwa nyundo saa zilezile za king'ora. Ijumaa kila mfanyakazi akaja na majirani zake waione boila mpya. Mama Njoki akaipapasa ubavuni.

"Baridi kama jiwe la mtoni."

"Njoo uishike Jumatatu," Njagi akamwambia, "uone kama utarudi na kiganja."

Jumatatu alfajiri king'ora kililia kwa nguvu, mbwa wote wakaitikia. Kufikia saa nne, foleni ya vikapu vya majani kituoni ilifika barabarani, na madalali walikuwa wamekunja magunia. Tangu siku hiyo, Teresia hakubandika tangazo kabla ya kulisimulia kwa watu wa boila.

Mama Njoki, wa kwanza kwenye mizani, alikuwa na ombi moja.

"Madam, ile rimu msiitoe. Ng'ombe wangu ameizoea."