Siku Niliyopeleka Terere Kulamawe

Nikiona watu wawili wameinamia simu moja wakicheka, mpaka leo huwa navuka barabara nipite upande wa pili, maana moyo huniambia wanaangalia ile picha, na hata kama hawaiangalii mimi bado naiona. Basi kwa kuwa nyinyi mmeniuliza kwa adabu (wengine huuliza huku midomo imeshaanza kucheza), nitasimulia mara hii moja, kisha mniache nipumzike. Nimechoka nayo. Ni aibu yangu mwenyewe, niliinunua kwa kiinua mgongo changu, na ilikuwa na magurudumu manne.

Nilifanya kazi ofisi ya kilimo hapa Isiolo mpaka nikastaafu, na kazi yenyewe ilikuwa ya kuzunguka, leo Gotu, kesho Kulamawe, nimekaa kiti cha nyuma cha gari la serikali nikitazama dirishani. Naona mgunga mmoja una kivuli kizuri, naona laga (yaani ule mto wetu usio na maji, mchanga mtupu) unang'aa asubuhi, natamani tusimame kidogo tu, lakini dereva anapita, kwa sababu gari si langu na wakati si wangu. Nikajiambia, siku nikistaafu nitanunua gari langu la kuvuta kwa magurudumu yote manne, niweke godoro nyuma, nisimame ninapotaka na nilale ninapotaka. Mume wangu, Baba Mwenda, yeye ndoto yake ni vitunguu. Tuna shamba kule Burat na alitaka pesa ile ichimbe kisima. Tulivutana weee, mpaka siku moja akaweka kikombe chini akaniambia, "Mama Mwenda, nunua. Nitaenda na wewe safari moja, moja tu. Nikirudi nimefurahi, kila kiangazi tutakuwa barabarani mpaka tushindwe kupanda gari. Nikirudi sijafurahi, gari linauzwa, tunachimba kisima, na nisisikie tena habari ya godoro."

Nikakubali. Yaani mtu mzima, miaka yote hiyo ya kutamani, nikaiweka juu ya safari moja.

Kuchagua gari kulinizeesha kuliko kazi, nawaambia kweli, kwa sababu katika mji huu kila mtu ni mtaalamu wa magari isipokuwa yule mwenye pesa. Jirani akasema nunua Prado. Prado ni tamu, sikatai, lakini ukiingia nayo kijijini wazee wanakupangia viti na kuanza kusoma shida zao, wakidhani ni mheshimiwa amefika. Rafiki yangu wa kanisani akanipeleka kuona kigari kifupi cha milango miwili, kizuri kama kikombe, nikaomba nilale nyuma nijaribu (mbele ya muuzaji, ndiyo, sikuwa na haya wakati huo), na miguu ikabaki nje mpaka magotini. Nikaona nikiendelea kusikiliza watu nitakufa bila gari. Ndipo nikajiuliza swali ambalo niliona ni la akili sana: ni gari gani kaunti hii ambalo halilali njiani kamwe? Jibu kila mmoja wenu analijua. Ni la miraa. Miraa ikichelewa inabaki kuwa majani, kwa hiyo anayeibeba hawezi kuweka gari la kubahatisha. Niliposikia kuna Landikruza ya zamani, pikapu yenye turubai, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inapeleka miraa Kulamawe, na sasa mwenyewe anaiuza kwa kuwa amepata mpya, nilikimbia. Injini ilinguruma vizuri, na nyuma nililala nikanyoosha miguu yote miwili. Ilikuwa ya bluu yenye mstari mpana wa manjano ubavuni, na honi yake ilikuwa ya lori, ile ya sauti tatu.

Baba Mwenda akalizunguka. Sasa mjue kwamba Baba Mwenda ni mweka hazina wa kanisa letu, na kila Alhamisi yeye na wazee wenzake hukaa na vijana walioshindwa kuacha miraa, wanawaombea, wanawatafutia vibarua. Akaligonga bodi kwa vidole, akasema, "Gari ni zuri. Lakini libadilishe rangi kwanza, na hiyo honi uitoe."

Nami, kwa mdomo huu huu, nikamjibu, "Rangi haiendeshi gari, Baba Mwenda." Fundi wa rangi aliniomba wiki moja, na mimi niliona nimengoja ya kutosha. Hilo tu ndilo kosa lenyewe. Mengine yote yaliyofuata yalizaliwa hapo.

Tukaondoka asubuhi baada ya chai. Nyuma kulikuwa na godoro, jiko la gesi, mitungi ya maji, na mboga. Dada yangu wa Maua, kule Meru, alikuwa amenitumia terere jana yake, ule mchicha wetu, mzigo mkubwa, na kwa kuwa ana upendo aliufunga vizuri kwa majani ya mgomba ili usinyauke. (Naona mmoja wenu ameshashika kichwa. Ndiyo. Miraa nayo hufungwa hivyo hivyo. Mimi mzaliwa wa Meru, nililelewa kwa miraa, na sikufikiria kabisa.)

Na safari ilianza vizuri, hilo ndilo huniuma. Tulisimama chini ya mgunga mmoja niliokuwa nikiutazama kwa miaka kupitia kioo cha serikali, tukashuka, nikampikia mzee wangu chai, akaketi juu ya jiwe akavua kofia. "Hapa pana upepo mzuri," akasema. Mnamjua Baba Mwenda, neno kama hilo kwake ni hotuba. Nikahesabu kisima kimeshafukiwa.

Kitu kimoja tu nilikishangaa. Kila tuliyepishana naye alitusalimia. Wa bodaboda anainua mkono, mchungaji wa ngamia anainua fimbo, wanaume waliokaa kibandani wanasimama wote. Nami nikawapungia kama mtu anayegombea kiti. Baba Mwenda akasema, "Watu wa huku wanakujua sana." Nikamjibu kwa maringo, "Nimewafanyia kazi hawa."

Tukafika Kulamawe saa nane. Mbuzi walikuwa wamejaa barabarani, nami bila kufikiri nikapiga honi.

Jamani. Watu walitoka madukani, wengine bado wanavaa viatu, mzee mmoja akaacha bao katikati ya mchezo. Mimi sikujua kwamba lile gari jipya la miraa lilikuwa limekwama huko Maua tangu asubuhi, na watu hawa walikuwa wamengoja tangu adhuhuri, wanapiga miayo, macho mekundu, arosto ya kukosa miraa imewashika. Sasa wanasikia honi wanayoijua, wanaona bluu na manjano wanayoijua. Walitufunika. Kijana mmoja mrefu, jina lake Guyo (nililijua baadaye, kwa bahati mbaya), akafika dirisha la Baba Mwenda na noti mkononi.

"Salaam aleikum, mzee. Leo mmetuua kabisa. Mimi nipe kilo mbili."

Na mwingine nyuma yake, na mwingine, mikono inaingia dirishani na noti. Na mume wangu akazipokea! Msimlaumu. Amehesabu sadaka miaka mingi mno, mkono wake ukiguswa na noti unafunguka wenyewe. Nilimwona kwa macho yangu, amechanganyikiwa, haelewi lolote, lakini anazinyoosha zile noti moja moja na kuzigeuza zielekee upande mmoja. Nikasema, "Baba Mwenda, unafanya nini?" Akasema, "Sijui, wananipa." Hapo ndipo kijana mmoja alipopiga ile picha: mweka hazina wetu dirishani mwa gari la miraa, watu wamemning'inia, noti zimepangwa kama za benki.

Wakati huo wengine wameshapanda nyuma. Nikasikia turubai linafunuliwa, kisha kelele za furaha, wameona majani ya mgomba. Mama mmoja wa buibui, Mama Dahabo, ambaye ndiye anayeuza miraa pale kwa rejareja, alikuwa anapiga kelele kuwa mzigo ni wake, usiguswe. Mzigo ukaguswa. Mzee wa bao akachomoa shina la terere, akaliweka mdomoni, akatafuna, akatulia, akatema.

"Hii ni mboga!" akasema. Sijapata kusikia huzuni kama ile katika sauti ya mtu mzima. "Wallahi, wametuletea mboga!"

Ungetulia ukashuka ukaeleza, wangecheka, mngekunywa chai, mambo yakaisha. Mimi nikakanyaga mafuta. Waliokuwa nyuma wakaruka, mbuzi wakatawanyika, na tukatoka Kulamawe kwa kasi ambayo gari lile halikuwa limeionyesha siku ya kulijaribu.

"Simamisha," Baba Mwenda akasema.

"Nisimamishe wanichome?"

"Mama Mwenda, simamisha gari. Nimeshika pesa za watu."

Nikageuka nikaona zile noti bado ziko mkononi mwake. Kwenye kioo nikaona vumbi la bodaboda. Na sauti, "Mwizi! Mwizi!" Nikaingia njia ya kando nikifikiri watatupita, njia ikashuka kwenye laga, na ndani ya mchanga gari lisilolala njiani likalala. Gari la zamani kama lile, ukitaka magurudumu ya mbele nayo yavute, lazima ushuke uzungushe vifungo vilivyo katikati ya magurudumu, kwa mkono. Mwenye gari alinionyesha siku ya kununua, nami nilitikisa kichwa kama aliyeelewa. Sasa nilikanyaga, mchanga ukaruka, tukazama mpaka mlango ukakataa kufunguka.

Baba Mwenda akatokea dirishani, mwanamume wa umri ule, miguu kwanza. Bodaboda zikafika, Mama Dahabo akiwa wa mbele buibui linapepea. Baba Mwenda akasimama mchangani, akainua noti juu, akasema kwa sauti ya kanisani, "Hakuna mwizi hapa. Kila mtu aseme yake, achukue."

Na wakachukua, kila mmoja yake tu, hakuna aliyezidisha. Kisha (na hili ndilo la watu wa huku, wakikuta umekwama hawakuachi, hata kama wamekuja kukupiga) wakavua makoti, wakachimba kwa mikono, Guyo akainama kuzungusha vile vifungo, tukasukumwa mpaka juu. Nilikuwa nalia. Mama Dahabo akanishika bega.

"Mama, usilie. Kosa ya gari. Lakini kesho utaleta?"

Tukarudi Isiolo. Mtandao uliposhika, simu ya Baba Mwenda ikaanza kulia mfululizo. Picha ilikuwa imetufikia kabla yetu, kutoka kundi hadi kundi mpaka kundi la kanisa, na mtu ameandika chini yake, "Mweka hazina akiwa kazini." Vijana wake wa Alhamisi nao walikuwa wameiona.

Jumapili wazee wakamwita mbele aeleze. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilijua atasema gari ni la mke wangu, nilimwambia abadilishe rangi akakataa, na ingekuwa kweli tupu, na mimi nyumbani ningemjibu, ningegomba, ningelitetea gari langu mpaka usiku. Lakini Baba Mwenda alishika kofia yake akasema, "Gari ni letu na mkono ulikuwa wangu. Nilikuwa nimeenda kutembea na mke wangu. Mpaka saa nane nilikuwa nimefurahi sana." Akarudi akakaa.

Wakamwomba apumzike na hesabu za sadaka kwa muda, mpaka maneno yapoe. Hayajapoa bado. Na jioni ile nyumbani, yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia, "Tunaweza kujaribu tena, Mama Mwenda. Ile safari haikuisha." Ni maneno niliyoyangoja maisha yangu yote, na nilipoyapata sikuwa na nguvu ya kuyapokea. Nikamwambia uza. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Likauzwa, kisima kinachimbwa, na sikulala ndani ya gari lile hata usiku mmoja.

Kwa hiyo mkitaka gari la kulala porini, nunueni, siwakatazi. Angalieni injini, angalieni urefu wa nyuma, shukeni mjifunze vifungo. Lakini mwenzako akikuomba jambo dogo, litimize kabla hujawasha gari. Sasa kila Jumapili kikapu kikipita, mtu mwingine anahesabu mbele, na mume wangu anakaa benchi la nyuma mikono mapajani, haijui la kufanya. Mimi nakaa karibu naye, naushika mmoja.